Bomba la Saba Liko Mlimani

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa herufi kubwa kama ulivyoagiza, maana naona macho nayo yameanza kufuata nyayo za masikio. Binti yako ameniambia ukipigiwa simu unaitikia "ndiyo, ndiyo" mpaka mwisho, kisha unamuuliza yeye ni nani aliyekuwa anaongea na alitaka nini. Basi tuandikiane. Barua haihitaji kupaza sauti.

Huku tu wazima. Mimi bado nipo kwenye chumba changu karibu na ofisi, na kila Jumapili napanda mlimani kwa mama. Kikohozi kimempungua, mdomo haujapungua. Juzi alimfukuza fundi wa paa kwa sababu alipita sebuleni na viatu vya tope. Sasa paa linavuja na fundi hataki kurudi. Anakusalimu sana, anasema ukioa tena huko usiache habari azisikie kwa watu. Ngao yako bado ipo ukutani juu ya meza yangu maabara: "Miaka tisa, hakuna sampuli iliyofeli." Kila mgeni anaisoma, kisha ananiangalia kama mtu aliyekalia kiti kisicho chake.

Sasa jambo lenyewe. Jumanne muuguzi wa zahanati ya mlimani alikuja ofisini na chupa ya maji. Hodi hakupiga. Aliiweka juu ya karatasi zangu na kusema maji hayo yametoka asubuhi ileile kwenye bomba la zahanati. Yalikuwa na rangi ya chai ya mtu bahili wa majani. Akasema wiki hii amepokea watoto kumi na wanne wanaoharisha, wote wa mlimani. Nikamtolea rejista ya vipimo, nikamwonyesha kwa kidole: Bomba la 7, zahanati ya mlimani, kila mwezi, safi, safi, safi. Aliisoma yote bila haraka.

"Mimi niko pale mwaka wa saba," akasema. "Bomba liko chini ya dirisha langu. Sijawahi kuona mtu na chupa."

Mjomba, kwangu mimi bomba la saba liko chini kabisa, uani kwa fundi cherehani, kabla ngazi za mlima hazijaanza. Ndipo uliponileta wiki yako ya mwisho kazini, tulipozunguka mabomba yote kumi na mawili kwa miguu, wewe na goti lako, mimi na sanduku la barafu. Ulisema "la saba ni hapa", nikachota hapo miezi ishirini na minne, nikaandika 7, nikatia saini. Safu ya mahali kwenye rejista sikuwahi kuisoma. Ya nini kuisoma, wakati njia nimeonyeshwa na Mzee Chupa mwenyewe, kama wanavyokuita hapa ofisini hadi leo?

Na kuna jambo niliona nikalinyamazia. Chuoni tulifundishwa kwamba dawa ya maji huchoka njiani kama mtu yeyote, kwa hiyo bomba la mbali ndilo linakuwa na dawa kidogo. La saba ndilo linalosemwa kuwa la mbali kuliko yote. Lakini kila nikitia kile kidonge cha kupimia, maji yanageuka pinki nzito, sawasawa na ya bomba la kwanza lililo mlangoni mwa mtambo. Niliona, nikajiambia ni bahati yetu.

Wewe ndiye uliyenipa jina la Bi Kwanini kabla sijaota meno ya mbele. Basi nalitumia. Kwa nini bomba la saba liko kwa fundi cherehani?

Mpwa wako.


27 Februari

Bi Kwanini,

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma bila miwani, kwa hiyo macho yasisingiziwe.

Huku mvua imegoma. Mbuzi jike amezaa mapacha, na mmoja wao amenichagua mimi kuwa mama yake, ananifuata hadi chooni. Binti yangu amenikataza chumvi, sukari na kupanda ngazi, sasa amebakiza kunikataza kupumua. Masikio ni yaleyale, ila nimegundua yana faida: mtu akinisema, hanipati.

Mwambie dada yangu fundi wa paa haendi msikitini wala kanisani, viatu vyake vina haki ya tope. Amwite, amwombe radhi. Najua hataomba. Basi aweke ndoo.

Kuhusu bomba: la saba ni lile nililokuonyesha. Maji ni yaleyale, tangi ni lilelile. Bomba la zahanati lina kutu mdomoni, ukipima pale unapima kutu. Fundi cherehani ni mtu mwema, ana kivuli na kiti. Na wauguzi wana kazi nyingi, hawawezi kuchungulia dirishani kutwa nzima kuona nani amepita na nani hakupita. Mengine yaache yalivyo. Ukimchunguza sana bata, hutamla.

Mama yako asisahau kuchemsha maji. Mwambie tu, kama kawaida.

Mjomba wako.


11 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na hongera ya mapacha. Huyo anayekufuata mpe jina, maana anaonekana atakuzidi kwa msimamo. Mama ameweka ndoo tatu. Fundi wa paa amepita mara mbili akiangalia upande wa pili wa barabara.

Bata nimemchunguza.

Nilipanda ngazi zote na vifaa vyangu, nikazihesabu: mia mbili na kumi na mbili. Muuguzi alinifungulia lango, akavuta kiti akaketi kunitazama, kama anayehakikisha simwibii bomba. Kweli mdomo una kutu. Basi niliusugua kwa brashi mpaka chuma kikang'aa, nikauchoma kwa moto wa spiriti mpaka ukalia, nikafungua maji yakamwagika dakika tano nikiangalia saa. Baada ya hapo hakuna wa kuniambia nilipima kutu. Nikatia kidonge. Pinki haikutokea hata ya kusingizia. Maji yalikaa vilevile, hayana dawa hata tone. Nikajaza chupa, nikaiweka kwenye barafu, nikashuka. Nikapitia kwa fundi cherehani na kuchota ya kwake pia, ili zimiminwe kwenye sahani za kipimo na kuingia pamoja kwenye kabati la joto, vijidudu vikiwemo viote.

Kesho yake nilizitoa. Sahani ya kwa fundi, safi. Sahani ya zahanati ilikuwa na madoa ya buluu, na wewe unajua buluu ni nini. Kiwango kinachoruhusiwa ni sifuri. Nilihesabu hadi arobaini na tatu, nikaacha kwa sababu yalikuwa yameanza kushikana. Ni kinyesi, Mjomba. Tusizungukezunguke.

Nikamuuliza fundi bomba wa idara, yule mwenye kofia ya sufu. Anasema uani kwa fundi cherehani pameunganishwa na bomba jipya tangu miaka kumi na moja iliyopita. Mlima bado unanywa kwenye bomba la zamani, lile linalopita ndani ya mtaro wa maji machafu. Lina nyufa. Pampu ikizimwa linanyonya kilicho nje. Kwa hiyo tangi ni lilelile, hapo hukusema uongo, lakini njia si ileile.

Nilipeleka majibu kwa mkuu wa idara. Unamjua, Bwana Taratibu, mtu ambaye hata nyumba ikiungua atauliza nani kajaza fomu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia nipime tena. Nikapima tena. Akasema tena. Nikapima mara ya tatu, madoa yakawa mengi zaidi. Ndipo akavuta droo na kutoa fomu ya kubadilisha mahali pa kuchotea sampuli, akaijaza kwa mkono wake mbele yangu: Bomba la 7, kutoka zahanati ya mlimani, kwenda uani kwa fundi cherehani, ambako ndiko sampuli zimekuwa zikichotwa tangu zamani. Akanisogezea kalamu.

"Wewe hukudanganya," akasema. "Wala mjomba wako hakudanganya. Rejista ndiyo yenye kosa, nasi tunairekebisha."

Fomu inahitaji saini ya mchotaji, ambaye ni mimi. Ripoti ya robo mwaka inakwenda wizarani tarehe ishirini na tano Aprili. Nikisaini, mlima mzima wa watu elfu tatu unatoka kwenye ripoti na hakuna bomba lao hata moja litakalopimwa tena. Nisiposaini, la saba linaingia likiwa limefeli, na ripoti zangu za miaka miwili zitafunguliwa, na baada ya zangu, zako.

Nimesema nitafikiri. Niambie ukweli, nani alikuambia uliache bomba la zahanati?

Mpwa wako.


29 Machi

Bi Kwanini,

Tu wazima. Mvua kidogo.

Saini, mwanangu.

Sikuandikii kama mtu wa maji, nakuandikia kama ndugu wa mama yako. Una kazi ambayo watu mia wanaitamani. Mama yako ana wewe tu. Bwana Taratibu namjua kuliko wewe: hapigi kelele wala hasahau. Mwenye nguvu mpishe. Funika kombe mwanaharamu apite, kisha mwakani, mambo yakitulia, uombe kimyakimya mlima uwekewe bomba jipya. Mambo hufanyika hivyo. Miaka kumi na moja imepita na sijasikia kwamba kuna aliyekufa.

Na ile ngao si yangu peke yangu. Siku naipokea mama yako alivaa viatu vya kisigino kwa mara ya kwanza tangu harusi yake. Ni ya ukoo.

Achemshe maji.

Mjomba.


6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo yako iko palepale, heshima sijaipunguza. Lakini leo salamu za mama sikuletei, kwa sababu hajui nakuandikia nini.

Unasema hujasikia kwamba kuna aliyekufa. Husikii, Mjomba. Simu ikilia pembeni yako husikii. Mimi nimekaa na muuguzi, amenifungulia daftari lake la miaka saba, na sitakuandikia nilichokisoma kwa sababu majina ya watoto wa watu si ya kusafirishwa kwa posta.

Barua zako mbili zimeisha kwa maneno yaleyale. Nilidhani ni mazoea ya mzee. Jumapili nilikuwa jikoni kwa mama, nikaliangalia lile birika kubwa linalomeza ndoo nzima, lililoliwa na moto mpaka halina rangi. Nikamuuliza lilitoka wapi. Akatabasamu. Akasema ulilileta wewe, ulipanda nalo ngazi zote mwenyewe, goti limevimba, ukamwapisha asinywe maji ya bomba bila kuchemsha, hata ya kupigia mswaki. Nikamuuliza mwaka gani. Anaukumbuka vizuri, ni mwaka fundi cherehani alipovutiwa maji mapya uani kwake na kuwaita majirani waje waone.

Mama anasimulia birika hilo kama watu wanavyosimulia mahari. Anasema kaka zake wengine walimletea maneno, wewe ulimletea birika. Na ni upendo kweli, hilo sikatai. Jirani aliyetenganishwa na mama kwa ukuta mmoja hakuletewa birika. Yule muuza mkaa mwenye wajukuu watano hakuapishwa. Ulijua, Mjomba. Ulijua tangu mwanzo, ukamwambia mtu mmoja.

Sasa sikia nilichofanya. Fomu nimeirudisha bila saini, ila nakala yake nimebaki nayo, maana mchotaji ana haki ya nakala. Kisha nikaandika tangazo kwa mkono, kwa herufi kubwa kama hizi zako: MAJI YA BOMBA LA MLIMANI SI SALAMA. CHEMSHENI MPAKA YATOKOTE. Chini nikaweka tarehe za vipimo vyote vitatu, cheo changu na saini. Moja nililibandika mlango wa zahanati, moja lango la shule, na moja ofisini, kwenye ubao uleule tunaobandika matokeo mazuri. La ofisini lilibanduliwa kabla ya saa sita. La zahanati muuguzi amelibandika kwa ndani, nyuma ya kioo cha dirisha, na ufunguo wa chumba anao yeye.

Bwana Taratibu hakupaza sauti. Ameniondoa maabara na kunipeleka stoo kuhesabu viti vya ukumbi wa halmashauri. Nimevihesabu. Viko mia mbili na sita, kimoja kina miguu mitatu. Anasema majibu yangu hayana uthibitisho, kwamba bomba la saba halijawahi kuwa kwingine ila kwa fundi cherehani, na hakuna mtu wa kusema vinginevyo.

Yupo mmoja. Anafuga mbuzi.

Sikuombi uniokoe. Mimi nimeshachagua, na nikilazimika kuhesabu viti mpaka nistaafu nitavihesabu. Swali langu ni lilelile la Februari.

Bi Kwanini.


15 Aprili

Mjomba,

Nimekwenda posta mara nne. Karani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Mama ameuliza kwa nini nanyamaza ukitajwa. Sijamwambia. Hilo nimekuachia wewe.


17 Aprili

Bi Kwanini,

Leo sitaanza na mbuzi.

Barua yako ya tarehe sita ilinikuta shambani. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini kwenye matuta. Binti yangu akaja mbio akidhani ni moyo. Nikamwambia ndiyo.

Uliuliza kwa nini. Mwaka ule bomba la zahanati lilifeli mara tatu mfululizo. Nilipeleka majibu. Mkuu wa idara alikuwa huyohuyo, ndiyo kwanza ameteuliwa, hata kiti chake kilikuwa bado na nailoni. Akaniambia, "Mzee, bomba lile limechakaa, litatuharibia ripoti. Tafuta jingine linalowakilisha vizuri." Hayo tu. Hakunishikia kisu wala hakuniahidi kitu. Natamani ningeweza kukuandikia kwamba alinitisha.

Goti lilikuwa linauma. Ngazi ni mia mbili na kumi na mbili, nazijua kabla hujazihesabu wewe. Na nilikuwa nimechoka kupeleka habari mbaya kwa watu wanaonuna, nikirudi nazo kila mwezi kama mdai. Nikashuka, nikamkuta fundi cherehani ana bomba jipya, akanikaribisha kiti. Nikaketi. Ni kama sikuinuka tena miaka tisa.

Birika nililileta wiki ileile. Nilimwambia mmoja, nikawaacha elfu tatu. Sentensi hiyo nimeiandika mara tano nikitafuta namna ya kuipunguza makali, na haipungui.

Kisha nikakurithisha. Ningeweza kukupandisha mlimani siku ile. Ulikuwa na miguu mizima na sanduku ulibeba wewe. Nilikuonyesha kwa fundi cherehani kwa sababu nilijua utaniamini, na mtu anayekuamini hasomi rejista.

Unasema anadai hakuna uthibitisho. Nakala za yale majibu matatu sikuweka. Mtu anayejua anafanya vibaya haweki nakala. Uthibitisho ni mimi. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, nimeandika yote haya bila mbuzi na bila goti, nimetia saini mbele ya wakili. Hiyo mpe mwenyekiti wa halmashauri mkononi mwake. Nyingine inayofanana binti yangu ameipeleka wizarani mwenyewe, ameondoka leo na basi la asubuhi. Nimemwambia asiiache mapokezi, aketi mpaka mtu mwenye muhuri aipokee. Amerithi ukaidi wa shangazi yake, ataketi.

Wataniita mwongo. Wengine watasema mzee haoni wala hasikii. Waseme. Jina zuri lile nililivaa miaka kumi na moja na halikuwa langu, wakilichukua sitahisi baridi.

Ngao iondoe wewe kwa mkono wako kabla hawajaiondoa wao.

Na bahasha ndogo ni ya mama yako. Macho yake hayawezi mwandiko wangu, umsomee wewe. Usiruke mstari hata mmoja.

Nilikuambia usaini. Sasa nakuambia hivi: ukiisaini ile fomu, nitakuja na goti hili kuichana.

Mjomba wako.


4 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua ilifika tarehe ishirini na tatu, karani wa posta alitoka nje ya dirisha lake kunikabidhi.

Kesho yake kulikuwa na kikao cha madiwani. Ingekuwa bado niko maabara nisingeruhusiwa hata kuchungulia. Lakini Bwana Taratibu alikuwa ameniweka kwenye viti, na ukumbi unahitaji viti, kwa hiyo niliagizwa kwa maandishi nivipange na nisiondoke mpaka kikao kiishe. Nilivipanga vizuri sana. Kile cha miguu mitatu nilikificha, sikutaka mtu aseme nimefanya hila.

Mwenyekiti nilimkabidhi karatasi yako mlangoni. Aliisoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti, yote. Bwana Taratibu akainuka, akasema kwa upole kwamba mzee amechoka, kumbukumbu zimemtoka, bomba la saba halijawahi kuhamishwa. Nikaomba kuzungumza. Mtu mmoja akauliza mpanga viti ana nini cha kusema. Nikampa mwenyekiti nakala ya ile fomu. Mwandiko wa Bwana Taratibu mwenyewe: kutoka zahanati ya mlimani, kwenda kwa fundi cherehani, ambako ndiko sampuli zimekuwa zikichotwa tangu zamani. Mwenyekiti akamuuliza kama bomba halijahamishwa, hapa analihamisha kutoka wapi.

Bwana Taratibu akasema jambo hilo lina taratibu zake.

Ripoti iliondoka tarehe ishirini na tano. Bomba la 7, zahanati ya mlimani: halikufaulu. Saini yangu ipo. Chini yake nikaandika kwamba vipimo vyangu vya miezi ishirini na minne vya bomba hilo navyo si vya mahali palipoandikwa, vifutwe. Kwa hiyo uchunguzi ukija utanianza mimi, na nimeshawaambia watanikuta wapi. Maabara nimerudishiwa, kwa muda, wanasema. Malori ya maji yanapanda nyuma ya mlima kila siku mbili. Bomba jipya limeahidiwa. Koleo sijaliona, na mpaka nilione nitapanda kila wiki na chupa zangu, na kila jibu nitalibandika dirishani kwa muuguzi.

Wapo wanaokusema. Muuza mkaa alinisimamisha akanikaripia badala yako, nikasimama nikamsikiliza mpaka akamaliza, kwa sababu ana haki. Fundi cherehani yeye amenuna. Anasema miaka yote alidhani mnampenda yeye.

Ngao nimeiondoa. Imeacha mraba mweupe ukutani, ukuta uliobaki kumbe ni mchafu.

Sasa mama. Nilimsomea Jumapili, sikuruka mstari. Alikuwa anachambua mchele na mikono haikusimama, mpaka nilipofika "nilimwambia mmoja". Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema mara nyingine. Nikasoma mara ya tatu, akanipokonya karatasi na kuikunja mara nne kama anavyokunja leso. Sijawahi kumwona mama amekosa neno, na sitaki kumwona tena hivyo.

Kisha akainuka, akamwaga maji ya birika, akalisugua kwa majivu mpaka rangi yake ikaonekana, kumbe ni ya kijani. Nikajua analitupa. Akalibeba kichwani, akatoka. Nilimfuata njia nzima bila kuthubutu kumsaidia. Alikwenda mpaka zahanati, akaliweka kwenye jiko la barazani, akamwambia muuguzi kwamba kuanzia kesho atakuwa anakuja kila alfajiri kuwasha moto, na asiye na kuni nyumbani kwake aje na chupa achukue yaliyochemka. Leo ni siku ya nane. Watu wanapanga foleni, na yeye anagawa kwa kikombe huku anawagombeza wanaosukumana.

Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alikataa siku zote hizo. Jana usiku ndiyo akasema, nami nakuandikia kama alivyotamka, bila kuongeza salamu ambazo hakuzitoa:

"Mwambie ndugu yangu birika limehama. Akija, chakula atakula kwangu, kitanda chake kipo. Lakini maji ya kunywa yapo zahanati. Apande ngazi, apange foleni nyuma ya muuza mkaa, na zamu yake ikifika nitampa kikombe kama wenzake."

Mpwa wako.